Usiku wa dansi juu ya boksi: namna ya kutengeneza picha ya vifaa mchanganyiko ukiwa Tabora

Anayechora usiku kwa mara ya kwanza hukimbilia kopo la rangi nyeusi, na hapo ndipo picha inapofia. Ukumbi wa dansi hauwi mweusi. Una taa, una vumbi linalotimka miguuni, una moshi wa sigara na jasho linalong'aa shingoni. Giza lake ni la kahawia lenye wekundu kwa ndani, na rangi hiyo unaipata bure upande wa ndani wa boksi la kawaida. Mwongozo huu umesimama juu ya jambo hilo moja: boksi ndilo usiku wenyewe. Kazi yako ni kuwasha taa, kisha kuwa na subira ya kuacha sehemu kubwa ya boksi ionekane.

Njia hii ina wenyewe. Mchoraji Mfaransa Henri de Toulouse-Lautrec alichora kumbi za starehe za Montmartre, Paris, mara nyingi juu ya kadibodi tupu. Rangi yake ya mafuta aliipunguza mafuta, akaizimua kwa tapentaini hadi ikawa nyepesi, akaipitisha kwa mistari ya haraka, na kadibodi isiyoguswa ikabaki kuwa kivuli, ngozi na sakafu. Huo ndio wakati wa kumbi kama Le Chat Noir, iliyofunguliwa mwaka 1881, na Moulin Rouge, iliyofunguliwa 1889. Washairi, wapiga kinanda, wacheza dansi na wachoraji wasio na kitu mfukoni walikesha humo pamoja na matajiri waliokuja kutazama. Bango la kwanza la Lautrec, la Moulin Rouge, lilitoka 1891, na kwenye mabango yake alinyunyiza wino kwa mswaki ili kupata vumbi na mwanga wa taa. Mswaki huo nasi tutautumia.

Ila usichore kinu cha upepo cha Moulin Rouge. Chukua mbinu, usiku utumie wa kwako. Tabora ilikuwa na bendi za Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata, na Nyanyembe Jazz. Mji wa kituo cha reli, wenye watu wa kutoka pande zote, ulikuwa na usiku wa dansi ambao haujachorwa vya kutosha, na wengi waliocheza usiku huo bado wapo na wanakumbuka viatu vilikuwa vya aina gani. Waulize kabla hujakata karatasi hata moja.

Vifaa

Picha tunayotengeneza ina upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 80. Andaa hivi:

- Maboksi mawili makubwa ya friji au televisheni, yasiyo na mikunjo katikati
- Gundi nyeupe ya mbao, nusu kilo
- Rangi ya maji nyeupe ya ukutani, nusu lita inatosha
- Oksaidi ya unga ya kuweka kwenye sakafu, nyekundu na ya njano, robo kilo kila moja (zitabaki nyingi)
- Rangi ya kuchanganyia ya bluu, kichupa kimoja
- Nta ya nyuki iliyochujwa, gramu 150
- Mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani
- Fotokopi za picha za zamani
- Kandambili moja iliyokatika
- Vizibo vya soda, karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, nyuzi za gitaa zilizokatika
- Mkaa, mswaki mgumu, msasa laini namba 220, wembe au kisu cha karatasi, rula ya chuma, brashi mbili

Nta ndiyo itakayotofautisha picha yako na ya mtu wa mji mwingine. Tabora ni nchi ya asali, na nta safi si ya kutafuta kwa tochi. Nunua ya njano, isiyo na mabaki ya masega meusi. Ikiwa chafu, iyeyushe ndani ya maji ya moto, uichuje kwa kipande cha kanga cha zamani, uiache igande juu ya maji, kisha ukwangue uchafu ulioganda chini yake.

Chagua taa moja

Kabla ya mstari wa kwanza, amua taa ni ipi na imekaa wapi. Moja tu. Picha nyingi za usiku huharibika kwa sababu kila mtu ndani yake amemulikwa na taa yake.

Karabai iliyotundikwa juu hutoa mwanga mweupe mkali unaoshuka wima. Macho huingia kivulini, mabega na kilele cha pua hung'aa, na kivuli cha mchezaji hujikusanya kifupi miguuni pake. Balbu ya waya ina unjano. Kandili juu ya meza ina rangi ya chungwa na hufika karibu tu, hivyo wa nyuma wote hubaki maumbo. Taa iliyowekwa chini mbele ya jukwaa hupindua sura nzima: kidevu, chini ya pua na chini ya nyusi hung'aa, paji la uso huzama. Lautrec alilipenda jambo hili sana. Katika picha yake ya ndani ya Moulin Rouge iliyoko Chicago, mwanamke aliye pembeni ana uso uliomulikwa kutoka chini hadi umekuwa wa kijani. Ukijaribu hilo kwenye uso mweusi, usitumie rangi nyeupe kwa mng'ao, kwani ngozi itageuka majivu. Tumia oksaidi ya njano yenye tone la nyeupe kwa sehemu iliyopigwa na taa, nyekundu kidogo pale mwanga unapoishia, na bluu nyepesi kwenye kivuli.

Kwa picha ya kwanza tunashauri karabai, ikae theluthi ya juu ya boksi, kushoto au kulia, isiwe katikati. Weka alama ya duara lenye upana wa sentimita 8 mahali hapo. Hilo duara usilisahau. Litakuja kutumika mwisho na lina masharti yake.

Kuandaa boksi

Kata vipande viwili vya sentimita 60 kwa 80. Kimoja mifereji yake ya ndani ielekee juu na chini, cha pili mifereji ielekee kushoto na kulia. Vigundishe mgongo kwa mgongo kwa gundi nyeupe iliyotandazwa nyembamba, pande zisizo na maandishi ya kiwandani zikiwa nje. Weka juu ya sakafu iliyonyooka, funika kwa ubao, pandisha matofali manne au debe la maji, acha saa 24. Mifereji inayokatana ndiyo inayozuia boksi kujikunja kama chapati. Ukiigundisha ikielekea upande mmoja, hata ukiweka matofali ishirini, boksi litajikunja wiki ya pili.

Sasa zimua gundi: sehemu moja ya gundi kwa sehemu tatu za maji. Paka mkono mmoja mbele na nyuma siku hiyo hiyo, ila duara la taa liache kavu, bila tone. Gundi hii hukauka bila rangi, hivyo boksi hubaki la kahawia lakini halinywi tena rangi kama sponji. Ukipaka upande mmoja tu, upande huo utavuta unapokauka na boksi litapinda. Ukipaka nzito, uso utang'aa na mkaa hautashika. Hapo pitisha msasa kidogo hadi mng'ao uondoke.

Mchoro wa mkaa

Mkaa wa gunia una vipande vigumu vinavyokwaruza boksi. Afadhali utengeneze wa kuchorea. Jaza kopo la maziwa vijiti vikavu vya unene wa penseli, vilivyobanduliwa magome, funga mfuniko wake, toboa tundu moja dogo la msumari, uliweke ndani ya jiko lenye moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, toa kopo, usilifungue hadi lipoe kabisa, la sivyo hewa ikiingia vijiti vitawaka na kuwa majivu.

Mpangilio wa picha ndio wa kutumia muda mrefu. Wachoraji wa Montmartre walizitazama sana picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao, wakajifunza kukata watu kwenye ukingo. Mtu wa mbele anaweza kuonekana bega na kofia tu, mkubwa, akiwa ametupa mgongo. Mtazamaji anajikuta amesimama nyuma yake, ndani ya ukumbi. Fanya hivyo. Mtu mmoja mkubwa mbele kwenye kona, wawili wanaocheza katikati, bendi nyuma chini ya taa, na sakafu iende mshazari kutoka kona moja kuelekea taa. Wengine wote ni mabega na vichwa visivyo na nyuso. Watu waliosimama mstari mmoja kama picha ya kumaliza shule hawachezi dansi.

Viungo vya mchezaji vibebe uzito. Angalia mguu uliobeba mwili: nyonga ya upande huo hupanda, bega la upande huo hushuka. Ukikosea hapo, hakuna kitambaa kitakachomfanya acheze.

Mchoro ukikamilika, pulizia spirei ya nywele kutoka umbali wa sentimita 30, mara mbili nyepesi, ili mkaa usichafue rangi.

Kuchanganya giza na mwanga

Hapa watu wengi hushangaa kwa nini giza lao ni la rangi ya maziwa. Rangi nyeupe ya ukutani imejaa unga mweupe unaofunika. Hata ukiimwagia bluu kichupa kizima, utapata samawati ya chumba cha mtoto. Giza halichanganywi na rangi nyeupe kabisa. Linachanganywa na gundi.

Chukua gundi nyeupe vijiko vikubwa viwili, maji vijiko vikubwa viwili, rangi ya bluu ya kuchanganyia kijiko kidogo kimoja, na oksaidi nyekundu nusu kijiko kidogo. Koroga oksaidi na maji kwanza hadi mabonge yaishe, ndipo uongeze gundi na bluu. Utapata giza lenye joto, zito kuliko nyeusi ya kopo na lenye uhai zaidi. Ukitaka lielekee usiku wa nje, ongeza bluu. Ukitaka lielekee ukumbini, ongeza nyekundu. Mchanganyiko hukauka haraka kwenye brashi, kwa hiyo brashi isikae nje ya maji hata ukienda kufungua mlango.

Mwanga: rangi nyeupe vijiko vikubwa vitatu, oksaidi ya njano robo ya kijiko kidogo. Manjano ya jikoni usiyatumie ingawa yanavutia. Jua likiyapiga, ndani ya wiki chache yamefifia. Oksaidi haiogopi jua.

Giza lipake sehemu tatu au nne tu: chini ya meza, nyuma ya bendi, upande wa kivuli wa yule mtu wa mbele, na kona iliyo mbali na taa. Tumia brashi bapa, mistari ionekane, ifuate mwelekeo wa mwanga. Mwanga nao uwe mchache zaidi. Ukisimama hatua tatu nyuma na kuona kwamba zaidi ya nusu ya boksi bado ni boksi, uko sawa.

Nguo

Amua mwaka kabla ya kuchagua kitambaa. Suti nyembamba na tai nyembamba ni miaka ya 1960. Suruali za bugaluu na viatu vya raizoni ni miaka ya 1970. Mambo ya mavazi yalikuwa mazito wakati huo: Operesheni Vijana ilitangazwa Oktoba 1968 ili ianze Januari 1969 Dar es Salaam, ikipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Kwa hiyo urefu wa gauni kwenye picha yako unasema jambo, na mzee anayetazama atalisoma mara moja. Usivalishe bendi moja miaka miwili.

Kitenge kipya kifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu dawa ya kiwandani iliyomo huzuia gundi kushika. Kikauke, kipige pasi. Kisha, kabla ya kukata umbo, paka mgongo wa kitambaa gundi iliyozimuliwa kwa maji ya kiasi sawa, kianike kikauke kabisa. Kitakuwa kigumu kama karatasi, na ukikikata kwa wembe ukingo hautatoa nyuzi. Anayekata kwanza na kugundisha baadaye huishia na gauni lenye manyoya.

Chagua michoro midogo. Ua la kitenge lenye ukubwa wa kiganja, likiwekwa kwenye gauni la sentimita 20, linammeza mvaaji. Mabaki ya vitambaa vya mashati na ya mashuka mara nyingi ni bora kuliko kitenge. Bandika kwa gundi nzito, lainisha kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda nje. Baada ya kukauka, rudi na mchanganyiko wa giza, uupitishe juu ya nusu ya gauni iliyo kivulini. Bila hatua hii nguo itabaki imebandikwa. Ukiipitisha, inaingia ukumbini.

Nyuso kutoka kwenye fotokopi

Picha halisi ya familia isibandikwe kamwe. Hakuna nyingine, na gundi haina kurudi nyuma. Ipeleke steshenari, itolewe fotokopi nyeusi iliyokolea, umrudishie mwenyewe siku hiyo hiyo, na umuulize kama anakubali sura ya mzee wake ionekane ukutani kwa watu.

Fotokopi na printa za unga ndizo zinazofaa, kwa sababu unga wa rangi hubaki juu ya karatasi na gundi huudaka. Printa ya wino haifai. Wino hunywewa na karatasi na ukilowesha unayeyuka wote. Fahamu pia kwamba sura itageuka kushoto kulia. Kwa uso wa kawaida haidhuru, lakini mpiga gitaa atakuwa wa mkono wa kushoto, na maandishi kwenye ngoma yatasomeka kinyume. Mwombe mwenye kompyuta aigeuze kama ya kwenye kioo kabla ya kuchapa.

Paka gundi nyeupe isiyozimuliwa, nyembamba na ya kulingana, kwenye boksi na kwenye uso wa fotokopi. Laza picha ikitazama chini. Viringisha chupa ya soda juu yake kutoka katikati kwenda pembeni hadi mapovu yote yatoke. Acha usiku mzima. Masika, acha siku mbili. Kisha lowesha mgongo wa karatasi kwa sponji, subiri dakika mbili, na uanze kusugua kwa ncha ya kidole kwa miduara midogo. Karatasi itatoka kama vijiuzi na sura itatokea. Ikikauka utaona ukungu mweupe umerudi. Hizo ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Lowesha tena, sugua tena. Mara ya tatu, simama, maana gundi hii haipendi maji mengi na sura itaanza kung'oka. Ukungu mdogo uliobaki hupotea ukipaka juu yake gundi iliyozimuliwa kwa maji ya kiasi sawa.

Hapa kuna jambo zuri la kulijua mapema. Kilichohama ni weusi tu. Mahali palipokuwa peupe kwenye fotokopi panabaki wazi, na boksi linaonekana kupitia hapo, hivyo uso wa mwanamuziki unapata rangi ya usiku ule ule aliomo. Ukitaka shavu lake limulikwe na karabai, shavu hilo lipakwe rangi ya mwanga kwenye boksi kabla hujaweka fotokopi. Ukilipaka baadaye, utafuta sura.

Ukiona madoa yaliyotoka yote pamoja na unga wa rangi, gundi haikuwa imekauka. Ukiona mabaka ambayo hayakuhama, palikuwa na hewa.

Herufi za kandambili

Bango la dansi lililobandikwa ukutani ndani ya picha huipa mahali na wakati. Chora herufi za urefu wa sentimita 4 kwenye karatasi kwa mkaa, geuza karatasi kwenye soli ya kandambili, sugua, na herufi itabaki ikiwa imegeuka tayari. Kata kwa wembe mpya kina cha milimita 3, ukiuinamisha wembe nje kidogo ili shina la herufi liwe pana chini. Likiwa jembamba chini, herufi itayumba ukigonga. A, T, O, M na I hazisumbui zikigeuzwa. D, N, S, B na R ndizo za kuangalia.

Usichovye muhuri kwenye rangi. Igonge rangi juu yake kwa kipande cha sponji ya godoro, rangi ikiwa nzito kama mtindi. Ikiwa nyepesi, matundu ya A na B yatajaa. DANSI, LEO USIKU na KIINGILIO yanatosha. Ukitaja bendi iliyokuwepo kweli, usiibunie tarehe wala ukumbi, kwa sababu picha hizi huishia kutumiwa kama ushahidi na watu wasiomjua mchoraji.

Gitaa, ngoma na vumbi

Nyuzi za gitaa hazigundishwi, zinashonwa. Toboa boksi kwa sindano ya magunia, vijitundu sita kwenye kichwa cha gitaa na sita kwenye mwili, vikiachana milimita 3, pitisha nyuzi, zivute, uzikunje mgongoni na kuzifunika kwa karatasi yenye gundi. Ukitumia gundi peke yake, waya utaachia siku ya joto. Besi ina nyuzi nne, na wapo watakaohesabu. Vizibo vinafaa kwa ukingo wa ngoma: toa plastiki ya ndani, pondaponda kwa nyundo hadi vilale, sugua kwa msasa, toboa matundu mawili kwa msumari na uvifunge kwa waya mwembamba. Vitano au sita, basi. Vikizidi, picha inakuwa duka la soda.

Kisha mswaki. Funika duara la taa kwa sahani ndogo, na nyuso kwa vipande vya gazeti. Zimua rangi ya mwanga iwe kama maziwa, chovya ncha za mswaki, kung'uta mara mbili kwenye gazeti kwa sababu mrusho wa kwanza huwa na matone makubwa. Shika mswaki sentimita 30 kutoka kwenye boksi, vuta kijiti juu ya nywele zake kuelekea kwako, na matone yataruka mbele. Karibu na taa yawe mengi, yapungue unavyokwenda mbali. Rudia kwa mchanganyiko wa giza kwenye kona. Hilo ndilo vumbi la sakafu na moshi wa sigara, na bila hilo hewa ya ukumbi haipo.

Kuwasha taa

Hatua hii ni ya mwisho kwa sababu rangi ya maji haishiki juu ya nta, na nta haishiki juu ya gundi. Ndiyo maana duara liliachwa tupu: nta inahitaji kitu cha kuinywa.

Weka nta ndani ya kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji, sufuria juu ya jiko. Isiwekwe juu ya moto moja kwa moja. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64. Maji yakitokota tayari yana joto la kutosha kuitia weusi ikikaa muda mrefu, kwa hiyo punguza moto mara inapoyeyuka. Ikishika moto, funika kwa mfuniko. Usimwage maji, moto utaruka. Tapentaini na spirei ya nywele viwe chumba kingine.

Gawa nta mara mbili. Ya kwanza iache safi. Ya pili itie oksaidi ya njano, nusu kijiko kidogo kwa gramu 75, na uikoroge kila unapochovya maana oksaidi hutuama chini.

Pasha boksi kwa kushikilia kijiko cha chuma kilichotoka motoni karibu na duara, bila kuligusa. Paka nta safi mkono mmoja kwa brashi ya nywele za asili. Ya nailoni hulegea na kupinda kwa joto. Boksi litakolea rangi papo hapo, na hiyo ni dalili kuwa limeinywa. Kata kiduara cha karatasi ya fedha cha sentimita 2, kilaze katikati nta ikiwa bado laini, fedha ikitazama juu. Kisha paka nta ya njano kuanzia ukingo wa duara kwenda ndani, mikono mitatu, kila mmoja ukiacha nafasi kubwa zaidi katikati, na umalizie kwa nta safi mkono mmoja juu ya vyote pamoja na fedha. Kila mkono uupitishe kijiko cha moto kwa karibu hadi uso ung'ae na kulegea, sekunde chache tu. Mkono usiopashwa hivyo hukaa juu ya mwenzake bila kuungana, na siku moja unabanduka kama ganda.

Ikipoa, sugua kwa kitambaa laini cha pamba. Mwanga wa chumba ukipita ndani ya nta na kurudi kutoka kwenye fedha, taa inawaka bila kuwa na rangi kali hata moja. Baada ya miezi kadhaa nta inaweza kuota weupe kama wa zabibu. Ni kawaida, sugua tena.

Kutundika na kusafirisha

Mchwa wa Tabora hawana adabu. Usiegemeze picha ukutani. Gundisha vipande vinne vya mbao vya unene wa sentimita 2 mgongoni, kila kona kimoja, hewa ipite na uone njia ya udongo ikianza kupanda. Mende nao hupenda gundi ya uji wa muhogo, ndiyo maana hapa hatukuitumia. Ukiitumia kwa magazeti, tia matone matano ya mafuta ya karafuu kwa kikombe.

Usiitundike ukuta unaopigwa na jua la magharibi, wala juu karibu na bati. Oktoba nta hulegea kabla ya kuyeyuka na kudaka vumbi lote la chumba. Ukiisafirisha kwa treni au basi, usiifunike kwa nailoni. Hunata kwenye nta na kutoka nayo. Tumia karatasi nyeupe isiyo na maandishi, kwa kuwa wino wa gazeti huhamia kwenye nta, kisha weka kipande kingine cha boksi juu, chenye tundu mahali pa taa ili kisiigandamize. Isimamishe wima, uende nayo ndani ulikokaa, wala usikubali iwekwe kwenye buti.